Hutatoka Mkavu

Akello binti yangu,

Mambo ya sweta, pasipoti na namna ya kuficha pesa ndani ya soksi mama yako ameshakwambia, na kama ninamjua Hawa, atakwambia tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Mimi sina maagizo. Nina woga tu. Nimeona heri niuandike, maana nikiusema mdomo wangu utaugeuza utani, wewe utacheka, nami nitajifanya nimemaliza.

Niko kwenye kibanda changu cha geti hapa Bugolobi. Ni mchana, saa ile ambayo wenye flati wako kazini na wezi wanapumzika. Mstari ukikatika ghafla, ujue gari limepiga honi. Mlinzi haandiki barua kama askofu.

Mwezi mzima watu wananipa pongezi. "Afande, binti anakwenda Norwei! Umefaulu!" Nasema asante. Jana yule Mkenya wa ghorofa ya pili, Mama Njeri anayeuza viatu vya mtumba, alishusha kioo cha gari akaniuliza, "Mzee, kwani msichana anaenda kufanya kazi gani huko?"

Nikamwambia, "Kufuga bakteria."

"Ai! Kwani wa huku hawatoshi?"

Nikacheka, nikamfungulia geti. Lakini lilipojifunga nilibaki nimeshika komeo. Mama Njeri alikuwa amesema, kwa utani, jambo lile lile ninalojiuliza tangu ile barua yako ya kazi ifike. Wa huku walitutosha. Walimtosha kaka yako Ocen.

Wewe ulikuwa mdogo, bado unavaa gauni moja mchana na usiku. Huenda unakumbuka vumbi tu. Tulikuwa kwenye kambi ya jeshi kule kaskazini, kiangazi, upepo unapuliza hadi ugali unakuwa na mchanga. Ocen alirudi kutoka shule akishika kichwa. Nilifanya kile ambacho kila baba wa Uganda hufanya mtoto akipata joto: nilisema malaria. Nikampa vidonge vya malaria, nikamfunika, nikaenda zamu. Nani angesema kitu kingine? Huku kwetu homa ina jina moja tu hadi imwoneshe mtu jina lake la pili. Niliporudi alikuwa hawezi kuinamisha shingo, na kwenye miguu yake kulikuwa na madoa ya zambarau, kama mtu aliyemwagikiwa wino kwa ndani. Nikabonyeza doa moja kwa kidole ili lififie. Halikufifia. Mpaka leo nikiona doa lolote kwenye ngozi ya mtu, hata la matunda, kidole changu kinataka kulibonyeza.

Hayo unayajua, mama yako amekusimulia. Usichokijua ni yale ambayo nesi wa kambi alituambia baada ya mazishi, alipokuja kutugawia vidonge nyumba nzima. Mimi nilimuuliza kimelea cha hiyo homa ya uti wa mgongo kilitoka wapi. Nilitegemea aseme maji, au choo, au wale mbuzi wa jirani, niende nikawapige risasi. Akasema, "Kinakaa kooni, afande. Kwa watu wazima wenye afya kabisa. Wanakibeba na hawajui. Kinatoka na mate."

Akaendelea na nyumba ya pili. Mimi nikabaki nimesimama, nimefunga mdomo.

Sasa unaweza kuelewa ule ubaridi wangu. Uliuona miaka mingi bila kujua sababu yake, mpaka juzi ulipoikisia. Uliniona naanza kula sahani yangu peke yangu wakati nyinyi mnakula sinia moja na mama yenu. Uliniona nageuza uso ukitaka kunisalimu. Mlidhani jeshi limenikausha. Ukweli ni kwamba niligeuka kuwa geti. Nilisimama kati yenu na koo langu mwenyewe.

Na Opiyo, pacha aliyebaki, ndiye aliyelipia. Ulikuwapo siku anaondoka kwenda Juba na malori. Waya wako Lamunu alikuwa amefika, shangazi mwenye sauti ya parapanda, na kila mtu alikuwa akingoja nifanye kile ambacho baba yangu alinifanyia mimi, na babu yangu alimfanyia yeye: nimtemee mwanangu laa, mate ya baraka, kifuani na utosini, nimwambie *wot maber*, nenda vizuri, njia iwe nyepesi. Kwetu Waacholi mtoto hatoki nyumbani bila mate ya mzazi. Ni kama kutoka bila jina.

Mimi nikampa mkono. Nilimshika mkono mwanangu kama meja anayemuaga askari anayetoka jeshini.

Waya akasema mbele ya watu wote, "Mtoto ametoka mkavu!" Opiyo akapanda lori bila kugeuka. Yuko hai, ana mke, ana tumbo. Humpigia mama yenu kila wiki. Mimi hunipigia Krismasi, tunaulizana bei ya dizeli.

Honi. Ngoja.

Nimerudi. Ni yule kijana wa ghorofa ya juu, amesahau ufunguo, amerudi kuuchukua, amesahau alichorudia.

Basi miaka ikapita, tukahamia nyumba ile ya Mbuya, nikatoka jeshini, nikaingia ulinzi, na wewe ukawa unasoma. Ulisoma hadi mimi nikaanza kusoma kwa hofu ya kuachwa nyuma. Magazeti wanayotupa wenye flati, vitabu vyako vya zamani, karatasi zilizofungia sambusa. Na siku ile ukaja jikoni, mama yako anasonga posho, ukasema umepata kitu cha kusomea na hutakiacha. Nikauliza ni kitu gani. Ukaonyesha sufuria.

"Baba, unaona posho inavyochemka inarusha matone?"

"Naona. Limenipata moja."

"Bakteria wengine wako hivyo. Utando wao wa nje unavimba, unajikata, unarusha viputo vidogo sana. Kila kiputo kimevaa utando ule ule wa mwenyewe, na alama zake zote. Ila ndani hakuna mtu. Hakiwezi kuzaa, hakiwezi kukua."

"Kwa nini anajimwaga hivyo?"

"Sababu ni nyingi. Mojawapo ni ujanja. Askari wa mwili wanavamia viputo, yeye anapita."

Nikampenda kidogo huyo mdudu, nakiri. Ni mwizi anayewarushia mbwa nyama. Nimelinda nyumba zilizoibiwa kwa akili ndogo kuliko hiyo.

Kisha ukasema watu wamejifunza kuvikusanya viputo hivyo na kuvifanya chanjo: mwili ukioneshwa kiputo, unazijua alama, na siku mwenyewe akija anakuta picha yake imebandikwa kila kituo cha polisi. Hapo nikakuhadithia lile gunia. Nilipokuwa kuruta, mkufunzi alijaza gunia majani akalivika nguo za adui, kofia, buti, mpaka nembo za bega. Tukalikimbilia na bayoneti tukipiga kelele. Lile gunia halikuwahi kumpiga mtu risasi, lakini baada ya wiki hakuna kuruta ambaye angeona nguo zile msituni asizitambue. Ulipiga makofi. "Ndiyo hiyo, Baba! Chanjo yetu ni gunia!"

Nikafurahi kuliko siku niliyopata cheo. Kisha, nikiwa bado natabasamu, nikauliza ni mdudu yupi hasa. Ukatazama sufuria. Ukalitaja jina lake.

Mama yako aliacha kusonga.

Ukasema haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa, kwamba huyu ndiye anayerusha viputo kupita wengi, na utando wake una sumu, na mgonjwa akizidiwa damu yake inajaa viputo hivyo, navyo hubeba sumu hiyo kila mahali. Ukaacha hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeshayaona madoa ya zambarau. Akello, miaka yote nilidhani mwanangu aliuawa na adui. Kumbe sehemu kubwa aliuawa na nguo za adui. Na hizo nguo ndizo unakwenda kuzivuna.

Ulinieleza, tena kwa subira, kwamba zinafuliwa. Kwamba mnafuga bakteria kwenye pipa la chuma, mnachuja, wenyewe wanabaki na viputo vinapita, kisha mnaviosha kwa chumvi inayotokana na nyongo mpaka sumu nyingi inatoka. Mama yako alikubali papo hapo. Hawa hajawahi kuamini dawa isiyokuwa na uhusiano na uchungu. Ukatuambia pia viputo hivyo vinaweza kuvishwa alama za magonjwa mengine, au kupakiwa dawa na kutumwa kwenye uvimbe wa saratani, na kwamba watu wanayafanyia kazi hayo. Na ukasema, ukiwa umegeukia ukuta, kwamba chanjo hii imeonekana kupunguza kidogo hata kisonono, kwa sababu wadudu hao wawili ni binamu. Nikasema wangetuambia hilo kambini, foleni ingefika Karuma. Mama yako akanipiga na mwiko.

Nilicheka sana siku ile. Unanijua: nikicheka sana, tafuta sababu.

Sababu ni hii. Gunia letu la kambini lilivikwa nguo za mtu aliyekuwa hai asubuhi ile. Kuna mtu alikwenda kumvua. Kuruta wanalipigia kelele gunia, wanarudi kula maharage. Lakini yule aliyekwenda kuleta nguo, huyo alimsogelea mwenyewe. Na huko Norwei huyo ni wewe. Kabla ya kuchuja, kabla ya nyongo, kuna pipa, na ndani ya pipa wako hai, wengi kuliko watu wa dunia, na binti yangu anawapa chakula.

Naogopa glavu inayopasuka. Naogopa mwenzako mmoja mvivu, maana nimefanya kazi na wenzangu wengi wavivu. Naogopa siku utakayopata mafua ya kawaida, useme ni mafua ya kawaida, kama mimi nilivyosema malaria. Naogopa simu yenye namba ndefu. Sipendi hata wimbo uliouweka kwenye simu yangu. Ukilia moyo unaruka. Tafadhali kabla ya kuondoka uubadilishe, weka kitu cha kijinga.

Hilo la mafua ndilo neno langu moja unaloweza kuliita ushauri. Usiwe hodari kwa homa. Kila homa uitilie shaka, na umwambie mtu kwa sauti, hata kama utaonekana mwoga. Aibu inapona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kabla wenye magari hawajaanza kurudi.

Ilikuwa juzi Jumapili, baada ya mama yako kukupulizia dua. Alisoma yake ya Kiislamu, akakupulizia usoni, kama alivyofanya kila asubuhi tangu uzaliwe, na hajawahi kumuuliza daktari yeyote kuhusu pumzi yake. Namwonea wivu. Ulinifuata uani, ukasema Waya Lamunu anakuja na basi la Gulu. Nikasema najua, nimeshanunua pamba ya masikio. Hukucheka.

"Baba, Jumatano asubuhi utanipa laa?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

"Nichungulie kooni kwanza," nikasema. "Unavyo vile vijiti vya pamba. Nipime. Nikiwa safi nitakutemea mpaka uombe mwavuli."

"Baba."

"Ni kazi yako, si ndiyo? Fanya kazi."

"Hata nikikupima leo uwe safi, kesho utakipata kwenye boda. Hata mimi ninaweza kuwa nacho. Hata Waya. Watu wengi hukibeba miezi, kinaondoka, wala hakijawadhuru wala hakijamdhuru mtu. Huwezi kusimama geti la koo lako maisha yote."

"Mbona nimesimama."

"Ndiyo," ukasema. "Tumekuona."

Ukaingia ndani. Hukuwa na hasira, ndiyo maana imenikaa.

Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa mlinzi wala wa raia. Nimefikiri mambo mengi ya kipumbavu. Nilifikiri kujitia ugonjwa nisiamke Jumatano. Nilifikiri kutema maji badala ya mate, nikaona Waya angejua. Yule mama ana pua. Nilifikiri kukuambia ukweli wote uso kwa uso, na mdomo ukanigeuka, nikakuambia kisa cha mbwa wa Katwe aliyekula welding rodi.

Kilichonibadilisha ni kuukumbuka usiku ule wa sindano. Unaukumbuka? Wale waliokuajiri walitaka uchanjwe kabla ya kuligusa pipa, kwa chanjo ya viputo hivyo hivyo. Sindano ya kwanza mkono ukavimba kidogo. Ya pili ikakupa homa. Ulikuwa umeniambia mapema: "Baba, nitapata joto, ni kawaida, chanjo hii ina makelele." Nikasema sawa. Kisha ukaanza kutetemeka chini ya blanketi, shavu linawaka moto, ukashika kichwa. Ulishika kichwa, Akello, kwa mkono uleule, mahali palepale.

Mama yako alilala. Alikuamini. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yako na tochi ya kazini, nikakagua ngozi yako kama mtu anayetafuta shilingi kwenye majani. Nikakuambia uinamishe shingo. Ukainamisha. Baada ya muda nikakuambia tena. Mara ya tatu ukasema bila kufungua macho, "Afande, shingo iko kazini, nenda kalale." Sikulala. Nilirudi kwenye vidole vya miguu yako, nikaanza ukaguzi upya. Lakini katikati ya woga huo nikaelewa kitu ambacho vitabu havikuniambia. Ile haikuwa homa ya Ocen. Yalikuwa makelele ya kuruta. Ndani yako kulikuwa na gunia, na askari wako walikuwa wakilikimbilia na bayoneti, na joto lile lilikuwa vumbi la mazoezi. Ocen hakupewa mazoezi. Yeye alikutana na nguo zile kwa mara ya kwanza siku mwenyewe alikuwa ndani yake.

Asubuhi ukaamka na njaa, ukala chapati zangu.

Najua chanjo si ukuta. Ulinieleza, ina wale inaowajua na wale isiowajua, na nguvu yake hupungua. Ni mlinzi tu. Na mimi nawajua walinzi, Akello, wengine husinzia, mmoja wao anakuandikia barua wakati wa kazi. Lakini hakuna mwenye flati hapa Bugolobi aliyesema kwa vile askari husinzia, basi asirudi nyumbani.

Kosa langu halikuwa kuogopa. Nilikuwa na haki ya kuogopa, na bado ninayo, sitaki mtu aniibie. Kosa langu ni kwamba niliogopa kimya, nikawaacha nyinyi mkadhani ule ukimya ni mimi. Niliulinda mlango vizuri mno, mpaka waliokuwa ndani wakahama. Nimemwandikia Opiyo pia, ujumbe mfupi wa simu. Nimemwambia akija likizo alete kichwa chake, mate yake ninayo. Amejibu, "Mzee umelewa?" Si mbaya. Ni neno jipya kati yetu ambalo halina dizeli ndani.

Honi inalia. Ni Mama Njeri, na anapiga kama aliyemwona mumewe na mwanamke mwingine. Nitamalizia haraka.

Barua hii nitaiweka kwenye begi lako dogo, chini ya odi ya mama yako, ile ya simsim na karanga ambayo forodha wataidhania simenti. Utaisoma ukiwa umeshapanda. Kwa hiyo utakapoifikia hapa, asubuhi ile itakuwa imeshapita, na utajua kama nilitimiza. Mimi bado sijui. Naandika ili nikishaiweka kwenye begi nisiweze kurudi nyuma.

Kesho utasimama mbele yangu uani, Waya akipiga kigelegele. Utainamisha kichwa, na mimi nitafurahi kuiona hiyo shingo ikiinama. Kinywa changu kitakuwa kimekauka kwa hofu, kwa hiyo usitegemee mengi. Baba yangu alikuwa anatema kama mvua ya Aprili, mimi nitakupa manyunyu. Kifuani, kisha utosini. *Wot maber.*

Ukitaka kujifuta, ngoja mpaka ufike kwenye gari. Nitajifanya naangalia tairi.

Na kama ndani ya mate yangu kuna mwizi, Akello, ambaye nimembeba miaka yote hii bila kumjua, basi mpishe apite. Wewe mavazi yake unayajua.

Baba yako.